Kaliba: namba zinazowachanganya wanunuzi wa bunduki, na ile inayofaa kazi nyingi kwa gharama nafuu

Kwenye kurasa za michezo, "mchezaji wa kaliba yake" ni mchezaji wa hadhi ya juu. Neno limezoeleka kwa maana hiyo mpaka mtu akienda kununua bunduki hudhani kaliba kubwa ni daraja la juu na ndogo ni ya wanagenzi. Mkanganyiko unaanzia hapo. Kwenye bunduki, kaliba ni upana tu: upana wa tundu la mtutu, au wa kile kinachopita humo. Haisemi bunduki ina nguvu kiasi gani, inafika umbali gani, wala inapiga sawasawa kiasi gani. Bomba la kumwagilia bustani na bomba la mashine ya kuoshea magari vinaweza kuwa na upana uleule. Anayetaka kujua tofauti yake aweke kiganja mbele ya kila moja.

Makala hii ni ya mtu anayetaka bunduki moja: ya kulenga shabaha siku za kawaida, na ya kwenda nayo porini kihalali akipata leseni, bila kufilisiwa na bei ya risasi. Jibu nalitoa mapema ili asiyependa maelezo asihangaike. Kwa wengi jibu ni .308 Winchester, na pale ambapo rafu za duka zimejaa .30-06, basi ni hiyo .30-06. Lakini anayenunua bila kujua sababu atabadilishiwa mawazo na muuzaji wa kwanza mwenye maneno matamu.

Risasi moja, maana tatu

Kiswahili chenyewe kinachangia utata. "Risasi" ni yale madini mazito ya kijivu. Ni pia kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni. Na ni kitu kizima unachonunua ndani ya kasha. Tuvitenganishe. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa kilichochomekwa mdomoni. Ukivuta kifyatulio, pini hugonga fataki, fataki huwasha baruti, baruti hugeuka gesi, na gesi husukuma kichwa. Ganda hubaki nyuma. Ndilo lile ambalo polisi huokota na kulitaja kwenye taarifa zao.

Kichwa hupita kwenye mtutu wenye mifereji iliyojisokota kwa ndani. Mifereji hiyo hukizungusha, na kichwa kinachozunguka hutulia hewani kama pia ya mtoto inavyosimama wima ikiwa inazunguka. Bunduki yenye mtutu wa namna hii ndiyo raifo. Bunduki ya marisau, ile ya kupigia kanga na kwale, ina mtutu laini na hesabu yake ni nyingine kabisa, kwa hiyo tunaiacha pembeni.

Namba zinasemaje

Kuna njia mbili za kutaja risasi, na zote zina ujanja wake.

Ya kwanza ni ya Wamarekani na Waingereza, inayotumia sehemu za inchi. Kichwa cha .308 kina upana wa inchi 0.308, na hapo jina linasema kweli. Lakini .270 Winchester, iliyotoka mwaka 1925, ina kichwa cha inchi 0.277. Ile .303 ya Waingereza, iliyobebwa na askari wa King's African Rifles kote Afrika Mashariki, ina kichwa kinachokaribia 0.312. Tofauti hutokea kwa sababu wengine walipima tundu la mtutu kabla ya kuchongwa mifereji, wengine wakapima kichwa, na wengine walichagua namba iliyopendeza sokoni. Katika .30-06, hiyo 06 haipimi chochote. Ni mwaka 1906, ambao jeshi la Marekani liliipokea.

Njia ya pili ni ya Ulaya, na imenyooka zaidi: upana mara urefu wa ganda, kwa milimita. 7x57 ni mtutu wa milimita 7 na ganda la milimita 57. Hii ya pili ndiyo muhimu, kwa sababu ganda ndilo linalobeba baruti, na baruti ndiyo nguvu.

Sasa tazama 7.62. Kuna 7.62x39, ambayo ni ya AK-47. Kuna 7.62x51, ya majeshi ya NATO, pacha wa .308. Kuna 7.62x54R, ya Urusi tangu 1891. Na .30-06, ukiiandika kwa milimita, ni 7.62x63. Zote nne ni "seven sixty-two", na hakuna hata moja inayoweza kuwekwa mahali pa mwenzake. Kumwambia muuzaji "nipe risasi za 7.62" ni kama kuomba kiatu namba 42 bila kusema unataka buti au kandambili.

Hili si suala la istilahi tu. Risasi fupi ikiingizwa kwenye chemba ndefu (chemba ni nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi nzima) huweza kufyatuka ikiwa haijashikwa vizuri, na ganda likapasuka. Hatari zaidi ni .300 Blackout ndani ya bunduki ya .223. Maganda yanalingana kiasi cha kuingia, lakini kichwa cha .300 ni kipana kuliko mtutu, gesi hukosa pa kwenda, na bunduki hupasuka usoni mwa mpigaji. Kinga yake ni ya sekunde tano. Geuza risasi, soma maandishi yaliyozunguka fataki, kwa mfano "308 WIN", kisha soma yaliyochongwa kwenye mtutu. Yasipofanana, hiyo risasi si ya bunduki hiyo, hata kama imeingia vizuri.

Hapa huulizwa kama .308 na 7.62x51 ni kitu kimoja. Kwa umbo, karibu ni kimoja. Winchester waliiuza .308 kwa raia mwaka 1952, NATO wakaipokea ndugu yake mwaka 1954. Kwa bunduki ya kisasa iliyoandikwa .308, risasi bora za 7.62x51 kwa kawaida hazina shida. Ugomvi huanza upande wa pili, pale bunduki kuukuu ya kijeshi inapolishwa .308 za dukani, kwani chemba yake huenda ni ndefu kidogo au imechoka. Bunduki ya namna hiyo ipelekwe kwanza kwa fundi.

Nguvu inatoka wapi

Nguvu ya risasi ni uzito wa kichwa na mwendo wake, na mwendo una uzito mkubwa zaidi kwenye hesabu, kwa kuwa ukiongeza mwendo maradufu nguvu huwa mara nne. Vichwa hupimwa kwa greni. Greni 1 ni gramu 0.065, kwa hiyo kichwa cha greni 150 ni karibu gramu 9.7, kama vijiko viwili vya chai vya sukari.

Linganisha. Kichwa cha .22 LR, kale karisasi kadogo ka kujifunzia kalikokuwepo tangu 1887, kina greni 40 na hutoka kwa karibu mita 330 hadi 380 kwa sekunde. Nguvu yake haifiki juli 200 (juli ni kipimo cha nguvu). Cha .223 kina upana unaokaribia kuwa uleule, lakini kikiwa na greni 55 hutoka kwa karibu mita 990 kwa sekunde, na nguvu yake ni juli 1,700 na ushee. Upana mmoja, nguvu mara tisa. Yeyote anayedai kaliba ndiyo nguvu, mwonyeshe risasi hizi mbili zikiwa zimesimama mezani.

Tuendelee juu. 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha greni 140 hutoa karibu juli 3,000. .308 yenye greni 150 hutoa karibu 3,600. .30-06 yenye greni 180 hukaribia 4,000. .375 H&H, iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, hurusha kichwa cha greni 300 kwa nguvu ya juli 5,700 hivi. Hizo ni nguvu mdomoni mwa mtutu. Hewa hula sehemu yake kila mita inayopita, na .308 ikifika mita 200 huwa imebakiwa na zaidi ya juli 2,000.

Teke

Nguvu inayokwenda mbele ina mwenzake anayerudi nyuma. Wauzaji hawapendi kulizungumzia teke, na wanunuzi wa kiume wanaona haya kuliuliza. Ndilo linaloharibu shabaha kuliko kitu kingine chochote.

Chukua mfuko wa sembe wa kilo 5. Ukiuachia kutoka sentimita 10 juu ya meza, kishindo chake ni kama teke la .223. Kutoka sentimita 35, ni 6.5 Creedmoor. Kutoka nusu mita, ni .308 katika bunduki ya kilo tatu na nusu. .30-06 ni sentimita 55 hadi 60. .300 Winchester Magnum ni kama sentimita 70. .375 H&H ni mita nzima. Kitako chenye raba hupunguza uchungu, na bunduki nzito hupunguza teke lenyewe, ila mwenye kuibeba kutwa nzima porini atalipa kwa mabega.

Tatizo la teke si maumivu. Mtu akishapigwa vizuri mara tatu, mwili wake hujifunza. Risasi ya nne anafumba macho na kuusukuma mkono kabla kifyatulio hakijakatika, bila yeye kujua. Kichwa kinakwenda chini, au kushoto, na lawama inaangukia darubini. Kulijua hili ni rahisi: mwenzako akupakilie bunduki, mara nyingine aweke risasi, mara nyingine asiweke, wewe usione. Siku asiyoweka, utauona mtutu ukiruka wenyewe. Dawa ni kurudi kwenye .22 kwa mamia ya risasi, kisha kupanda taratibu.

Teke la .308 ni la juu kabisa ambalo mtu wa kawaida anaweza kulivumilia kwa risasi 40 kwa siku bila kuanza kuogopa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuichagua.

Porini, na mpaka uliowekwa na sheria

Kabla ya mnyama kuna sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo kwa Mkenya mjadala huu ni wa uwanja wa shabaha tu. Tanzania inaruhusu, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na kanuni zake, kwa leseni, maeneo na idadi iliyopangwa. Bunduki yenyewe inamilikiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Bunduki zinazojipakia zenyewe haziruhusiwi kwenye uwindaji. Inayotumika ni ya kukoki kwa mkono. Na kwa wanyama hatari wakubwa kama tembo na nyati, kaliba isipungue .375.

Kwa maneno mengine, hakuna bunduki moja ya kila kitu, na anayekuuzia wazo hilo hajawahi kusimama mbele ya mbogo. Swali la maana ni hili: ni ipi inayofaa kwa wale wanyama wengine wote?

Swala tomi ana kilo 20 hadi 30. Swala pala dume ana 50 hadi 60, ngiri dume 60 hadi 100. Kongoni anafika 140 hivi, nyumbu 200 na zaidi, pundamilia karibu 300. Kwa hao wote .308 inatosha, ukichagua kichwa kinachofaa: greni 150 kwa swala na ngiri, 165 hadi 180 kwa kongoni, nyumbu na kuro. Pofu ni habari nyingine. Dume lake linaweza kufika kilo 900, na ingawa ni mpole kuliko nyati, mwili wake ni uleule. Hapo .308 iko mwisho wa kamba yake, na mwindaji mwenye busara huazima .375 ya kampuni ya uwindaji.

Upande wa chini, .223 inavutia kwa bei na teke dogo. Kwa swala tomi aliyesimama vizuri, kwa kichwa kizuri, inaweza. Kwa kongoni hapana. Mnyama atakimbia na jeraha, na utafuata damu mpaka giza liingie. Huko porini kufuata mnyama aliyejeruhiwa ndiko kunakoua watu.

Mzee Bell na visingizio vyake

Mjadala wa kaliba Afrika Mashariki haupiti bila mtu kumtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua zaidi ya tembo elfu moja, wengi wao kwa .275 Rigby, jina la Kiingereza la 7x57, risasi ambayo nguvu yake iko chini kidogo ya .308. Basi, watu husema, mbona sheria inadai .375?

Bell alikata mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kutazama. Alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, kwa sababu vyembamba na virefu hupenya mifupa moja kwa moja. Alikuwa mpigaji wa kipekee, na tembo wa wakati ule hawakuwa wameshaijua bunduki. Ondoa kimojawapo cha hivyo, hasa kile cha msumeno, na 7x57 inakuwa njia ya haraka ya kukasirisha tembo. Somo lake ni kwamba mahali risasi inapoingia pana uzito kuliko upana wake. Wanaomnukuu hulisoma kinyume.

Kuna mfano mwingine wa zamani unaotufaa zaidi. Mwaka 1905 Otto Bock, mtengenezaji bunduki wa Berlin, alitoa 9.3x62. Aliilenga kwa walowezi wa Kijerumani katika makoloni ya Afrika, ambayo wakati huo yalijumuisha Tanganyika. Bunduki za Kiingereza za mitutu miwili ziligharimu mali. Yeye akachukua Mauser ya kawaida ya kukoki na kutengeneza risasi iliyoingia humo bila kubadilisha mtambo. Nguvu yake inakaribia juli 4,800, na ilishusha kila kilichotembea. Lakini 9.3 ni inchi 0.366, yaani inapungukiwa na .375 kwa unywele. Baadhi ya nchi za Afrika zimeifungulia mlango kwa jina, nyingine zinasoma namba tu. Mwenye nayo aulize ofisi ya wanyamapori kabla hajalipia leseni ya nyati.

Je, 6.5 Creedmoor?

Hii ndiyo nyota ya sasa. Kampuni ya risasi ya Hornady iliitoa mwaka 2007 kwa wapiga shabaha wa mbali. Sifa zake ni za kweli: kichwa chembamba na kirefu hukata upepo vizuri, na teke lake ni dogo. Ila tuweke namba mezani. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni, kwa mita 300 huisukuma .308 karibu sentimita 20, na Creedmoor karibu 15. Tofauti ni sentimita 5, na wapigaji wengi huikosea hiyo kwa pumzi tu. Kwa mita 800 na kuendelea, Creedmoor huiacha .308 mbali. Kichwa cha .308 cha greni 168 kikikaribia mita 1,000 hushuka mpaka mwendo wa sauti na kuanza kuyumba, wakati mwenzake bado ana mwendo.

Ni nani kati yetu ana uwanja wa mita 800? Mwenye nao achukue Creedmoor na asijute. Kwa swala pia inaua vizuri. Kinachoiponza ni kwamba katika maduka ya huku haipatikani kirahisi kama .308, .30-06 au .375, na bunduki isiyo na risasi ni rungu la bei mbaya.

Na .30-06? Inaizidi .308 kidogo, hasa kwa vichwa vizito vya greni 180 hadi 220, na teke lake ni kubwa kidogo. Ganda lake ni refu kwa milimita 12, hivyo mtambo wake ni mrefu na mzito. Kati ya hizi mbili sioni sababu ya kugombana. Nenda dukani, hesabu makasha yaliyopo ya kila aina, uliza mzigo mwingine unakuja lini, kisha amua. Chagua risasi kwanza, bunduki baadaye.

Pesa inakoishia

Bei ya bunduki hulipwa mara moja. Bei ya risasi hulipwa maisha yote, na watu hupiga hesabu kinyume. Katika soko la Marekani, ambako bei hizi huanzia, fedha ya risasi moja ya .308 hununua .22 kumi au zaidi. Kwa hiyo mpango wa nafuu kwa anayeruhusiwa kumiliki bunduki mbili ni .22 ya mazoezi na .308 ya kazi, zote za kukoki kwa mkono na zenye kifyatulio cha uzito unaofanana. Mwenye kupiga .22 hamsini kwa wiki na .308 kumi kwa mwezi atampita anayepiga .308 peke yake kwa msimu mzima na kuishiwa fedha.

Mtutu nao huisha. Joto la baruti hula mwanzo wa mifereji, na kadiri baruti inavyozidi upana wa tundu ndivyo unavyoliwa haraka. Kwa makadirio ya wapiga shabaha, .308 hudumu risasi 5,000 hivi kabla shabaha haijaanza kulegea, 6.5 Creedmoor 2,500 hadi 3,000, na .300 Winchester Magnum chini ya 2,000. Mwindaji wa risasi 20 kwa mwaka hahitaji kuyawaza haya. Mpiga shabaha wa kila Jumamosi anayahitaji sana.

Kichwa gani

Kwa shabaha ya karatasi, kichwa cha koti zima, yaani madini ya risasi yaliyofunikwa kwa shaba, ni cha bei ndogo na kinatosha. Kwa swala hakifai. Hupita kama sindano, huacha tundu dogo, na mnyama huenda kilomita kabla ya kuanguka. Kinachotakiwa ni chenye ncha laini: hutanuka kikigusa mwili, karibu mara mbili ya upana wake, na kumwaga nguvu yote ndani. Vile vigumu visivyotanuka ni vya tembo na kiboko, kwa .375 na kwenda juu.

Usifanye mazoezi kwa kichwa kimoja na kwenda kuwinda na kingine bila kupima. Vichwa viwili vya .308 vya uzito tofauti vinaweza kutua sentimita 5 mpaka 10 mbalimbali kwa mita 100, kutoka bunduki ileile na darubini ileile. Msokoto wa mtutu nao una maoni yake. .223 ya zamani yenye mzunguko mmoja kila inchi 12 hupenda greni 55 na huyumbisha greni 75. Ile ya mzunguko mmoja kila inchi 7 au 8 hutuliza hizo nzito. Kwa .308, mzunguko mmoja kwa inchi 10 au 12 hubeba vichwa vyote vya kawaida.

Kuiweka sawa

Nunua makasha matatu ya watengenezaji tofauti, uzito mmoja. Kabla ya yote kaza skrubu za kitanda cha darubini. "Bunduki mbovu" nyingi huponea hapo. Pangusa mafuta ndani ya mtutu, maana risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta hupotea njia.

Anza mita 25, bunduki imelala juu ya gunia la mchanga. Mkono usiushike mtutu, na mtutu usiegemee kitu kigumu. Piga tatu, tafuta katikati yake, rekebisha. Hapa wengi hukosea hesabu: klik moja, yaani hatua moja ya kitasa cha kurekebishia, kwenye darubini nyingi husogeza takriban milimita 7 kwa mita 100, lakini kwa mita 25 ni chini ya milimita 2. Ukihitaji kusogea sentimita 7 kwa mita 25, ni klik 40, si 10. Ikigonga katikati kwa mita 25, .308 itakuwa karibu sentimita 6 juu kwa mita 100, kwa sababu darubini iko juu ya mtutu na kichwa kinapanda kuikuta mistari ya macho. Hamia mita 100 na uishushe mpaka sentimita 5 juu ya katikati. Sasa inagonga katikati kwa mita 200, na kwa mita 300 itakuwa sentimita 20 hadi 25 chini. Kwa swala pala, ambaye eneo la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 15 hadi 20, unalenga katikati ya eneo hilo kutoka hatua ya kwanza mpaka zaidi kidogo ya mita 200, bila hesabu yoyote kichwani.

Piga tano kwa kila kasha, ukiacha mtutu upoe mpaka uweze kuushika bila kushtuka. Kasha lililokusanya matundu yote ndani ya sentimita 5 kwa mita 100 ndilo lako, hata kama ndilo la bei ndogo. Nunua mengi ya toleo hilohilo, namba ya toleo huandikwa pembeni mwa kasha. Yahifadhi pakavu, mbali na joto la ndani ya gari, na kwa wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja, ndani ya kopo lisilopitisha hewa ya chumvi.

Nyuma ya shabaha pawe na kingo ya udongo, siyo majani wala ukuta wa mabati. Kichwa cha .22 kinaweza kwenda karibu kilomita 2, na cha .308 karibu 4. Na baada ya safari ndefu ya Land Cruiser kwenye barabara ya makorongo, piga tena mbili za kuhakiki kambini, kwa idhini ya askari wa wanyamapori, kabla ya kuingia kwenye kitalu cha uwindaji.